Fundi Gundi, Aliyeshika Amana za Watu Bila Kuwataja

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Gundi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kufulia nguo. Mama yake alikuwa dobi hapo, na baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano. Waliomwona akikua walisema alikuwa mtoto wa kimya, kimya cha maji mtungini, na alichelewa kusema hadi majirani wakaanza kumpa mama yake pole. Mama akawajibu, "Huyu anasikiliza kwanza. Siku akifungua kinywa mtajuta." Hawakujuta, maana hata alipojua kusema hakusema mengi.

Alianza shule mwaka 1964. Alipofika darasa la nne, kitabu pekee cha kusomea cha darasa lao kilichanika mgongo. Akakibeba nyumbani, akakigandisha kwa uji, akakikandamiza chini ya pasi ya mkaa ya mama yake, akakirudisha kimenyooka. Haikupita wiki, panya wakaingia kabatini wakala mgongo wote na kurasa za mwanzo. Mwalimu akamwita mbele ya wenzake. "Wewe Gundi, umenitengenezea kitabu au umewapikia panya?" Darasa likacheka hadi likatolewa nje. Jina hilo liliganda kuliko uji. Alifaulu kwenda sekondari na akasoma miaka miwili, lakini mwaka 1972 baba yake aliangukiwa na mzigo, akavunjika uti wa mgongo, naye marehemu akaacha masomo ili wadogo zake wale. Baba yake aliishi mwaka mmoja akiwa amelala, kisha akafariki.

Januari 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, idara ya kujalidi vitabu. Huko ndiko alikopata ufundi wake: kukunja karatasi, kuzishona, kupaka gundi, kubana, kukata kingo. Na huko ndiko alikokutana na vitabu vya Bibi Miwani.

Wengi waliopo hapa wamesikia jina hilo kinywani mwake, na vijana huenda wanadhani alikuwa shangazi wa familia. Alikuwa mwanamke wa nchi ya mbali, mwanafikra wa kijamaa na wa mapinduzi, aliyefia kifungoni kabla marehemu hajazaliwa. Jina lake halisi lilikuwa gumu kutamka, na picha yake kwenye jalada ilimwonyesha amevaa miwani ya duara, basi wafanyakazi wa kiwanda wakampa jina waliloliweza. Aliandika kwamba dunia inabebwa na wanaofanya kazi, na kwamba aliyebeba ana haki ya kuuliza mzigo unapelekwa wapi. Marehemu alisema aliposoma maneno hayo alimwona baba yake amesimama stesheni, gunia begani.

Alisoma vitabu alivyoandika Bibi Miwani mwenyewe, na vilivyoandikwa juu yake na wengine: vya kumsifu, vya kumsahihisha, na kimoja kinene cha kumtukana toka jalada hadi jalada. Hicho cha matusi alikijalidi vizuri kuliko vyote. Wenzake walipomcheka akasema, "Mtu akikutukana, yashike matusi yake yasipungue hata neno. Utayahitaji siku ya kumjibu."

Mwaka 1982 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba chenye mlango wa barabarani, meza moja ndefu, kibano cha chuma, na sufuria ya gundi isiyotoka motoni. Jioni wafanyakazi wa uchapaji, wauguzi na madereva walikuja hapo wakiwa na vitabu vyao. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakabishana, yeye akashona.

Alimpata mke wake kwa ajili ya uzi. Mkewe alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule, mtu aliyesoma madarasa manne tu, na marehemu aliingia hapo akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Dada, natafuta uzi usiokatika."

"Kaka, uzi usiokatika haujatengenezwa. Upo unaochelewa kukatika."

"Basi nipe huo."

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, hadi washonaji wenzake wakamwambia yule binti, "Shoga, vitabu vya mtu huyu vimeshonwa hadi haviwezi kufunguka. Hebu mwulize anataka nini." Alimwuliza. Walifunga ndoa tarehe 7 Aprili 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Bibi arusi aliingia nyumbani akakuta picha ya mwanamke mwenye miwani ukutani juu ya meza. Akauliza, "Huyu nani?" Akaambiwa. "Ana watoto?" Akaambiwa hana. "Ndiyo maana amepata muda wa kuandika." Tangu siku hiyo alimwita mke mwenza, na marehemu alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anasikia. Jioni moja alipeleka chai karakana, kifungua mimba wao mgongoni, akawakuta wanaume wamekunja ngumi wakisema lazima unyonyaji upigwe vita mpaka mwisho. Akamvuta mtoto mbele, akamfunika kwa shuka. "Huyu wangu hana hata meno. Mwacheni anyonye." Dereva mmoja alicheka hadi akamwaga chai kwenye karatasi, na marehemu akarudia kazi ya siku nzima.

Kicheko hicho hakikudumu. Mwaka 1987 redio ilitangaza kwamba vitabu vyote vya mwanamke huyo na vyote vilivyoandikwa juu yake vimepigwa marufuku, hata kile cha kumtukana. Atakayekutwa navyo atafungwa. Wengine walichoma vyao siku hiyohiyo. Wengine hawakuweza, na hao wakamkumbuka fundi. Walikuja mchana, kama wateja wengine, mmoja kitabu kikiwa kwenye mfuko wa unga, mwingine ndani ya kiatu kinachohitaji soli, mwingine kwapani chini ya koti. Walisema neno moja tu: "Nishikie." Naye alijibu neno moja tu: "Amana."

Hakuandika jina la mtu. Karatasi ina mdomo, alisema. Kila kitabu na mwenyewe alikiweka kichwani. Kisha alivua majalada ya Bibi Miwani akayatia motoni chini ya sufuria ya gundi, na vitabu akavivalisha majalada mengine: ufugaji wa kuku, matunzo ya meno, ushonaji, hesabu za duka. Vichache vilibaki karakana kati ya kazi za wateja. Vingi vilikwenda nyumbani, ndani ya sanduku la mbao, chini ya vitambaa vya sare. Mke wake akatandika godoro juu yake, akawa analala juu ya gereza.

"Baba watoto, utatuua."

"Ni vitabu vya watu, mama."

"Na hawa watoto ni wa nani?"

Usiku huo sanduku lilibaki palepale.

Ilitokea siku moja akakosea. Jirani mfuga kuku alikuwa ameleta kitabu chake cha kuku kibadilishwe jalada, cha kweli, na marehemu katika haraka yake akampa kile kingine. Mama huyo alirudi baada ya siku kadhaa, akasubiri wateja watoke, akasogea mezani.

"Fundi, nimefika ukurasa wa arobaini. Kuku bado hawajatokea."

Marehemu aliona nyota mchana. Akanyoosha mkono akipokee. Mama huyo akakirudisha kwapani.

"Nani kasema nimemaliza? Kile cha kuku kaa nacho. Kuku nawajua."

Kosa hilo ndilo lililomwokoa mara ya kwanza. Polisi walipokuja kupekua, mkubwa wao alichukua kitabu cha juu kabisa rafuni, akakifungua, akakuta kuku. Akasoma kidogo. Akauliza kama kinaeleza dawa ya kuku wanaokufa ghafla. Marehemu akamwonyesha ukurasa, wakashukuru, wakaondoka.

Mara ya pili, Novemba 1988, hawakuchukua cha juu. Mke wake alikuwa ng'ambo ya barabara, akaona viatu vyeusi vilivyong'aa katika mtaa wa vumbi, akajua. Hakuvuka. Alirudi nyumbani, akakalia lile sanduku, mashine mbele yake na mtoto miguuni, akashona mkono wa sare mmoja bila kuangalia anashona nini. Huko karakana polisi walifungua kitabu cha matunzo ya meno. Hakikuwa na jino.

Habari za mahojiano zilijulikana baadaye, tena kwa vipande vipande, kwa sababu marehemu hakupenda kuzisimulia. Walimwuliza vitabu ni vya nani. Akasema vyake. Wakamwuliza, mtu mmoja ana nakala nne za kitabu kimoja za nini? Akasema, "Mimi msahaulifu, afande. Nikimaliza kusoma nasahau kama nimesoma, nanunua tena." Mmoja wao alicheka. Mwingine alimpiga upande wa kushoto wa kichwa, na sikio hilo halikusikia tena maishani mwake. Walitaka majina. Neno lao lilikuwa "taja." Taja uende nyumbani. Taja ukawaone watoto. Taja mmoja tu. Hakutaja. Alikaa kifungoni hadi Machi 1991, na katika muda huo wote hakuna mtu mwingine aliyefuatwa kwa sababu yake, wala sanduku la nyumbani halikuguswa, ingawa majirani wema walimshauri mkewe alichome. Aliwaambia hawezi. Mume akirudi ataulizia, na yeye hana uongo wa kumtosha.

Alirudi amekonda, ndevu nyeupe, anageuza kichwa ili asikie. Mtoto wa kiume alijificha nyuma ya mlango akauliza, "Mama, mzee huyu anataka kujalidi nini?" Siku ya pili alifungua karakana. Siku ya tatu alifungua sanduku.

Marufuku haikutangazwa kuwa imekwisha. Ilikwisha kama mvua inavyokwisha, kila mtu akichungulia mlangoni kwake kwa wakati wake. Baada ya miaka michache vitabu vya Bibi Miwani vilionekana tena vikiuzwa, na wasomi wakaandika vipya juu yake. Marehemu akaona wakati umefika. Akavivua vitabu vya watu yale majalada ya uongo, akavivalisha jalada jeusi la heshima, akaanza kuvirudisha kimoja kimoja.

Wapo waliopokea. Muuguzi mmoja mstaafu alikikumbatia kitabu chake mlangoni, akasahau kumkaribisha mgeni ndani. Mjane wa dereva, yule dereva aliyemwaga chai, alipokea cha mumewe aliyefia kifungoni katika miaka ileile, kwa kesi nyingine. Alikinusa akasema kinanuka gundi tu, halafu akakaa chini sakafuni.

Lakini wengi hawakupokea. Wa kwanza kumkataa alikuwa mfanyakazi mwenzake wa zamani, ambaye sasa alikuwa msimamizi, na ambaye siku ya kuleta kitabu chake alilia. Alifungua mlango nusu. "Si changu hicho. Umekosea nyumba, mzee." Mzee! Walikuwa rika moja. Marehemu alirudi nacho, akakiweka mezani polepole.

"Kaogopa. Mwache."

Mkewe akawaka. "Yeye aogope na cheo chake? Mimi nilizaa na kulea juu ya sanduku lake, mbona sikukosea nyumba?"

"Ndiyo maana nasema mwache. Uoga unaujua."

Alirudi kwa mtu huyo mara nyingine, na kwa wengine kama huyo, miaka ikapita. Mmoja alimwambia ana watoto kazini serikalini. Mwingine alimwambia hajui hata kusoma, naye alikuwa ndiye msomaji wao wa kwa sauti. Marehemu hakumgombeza hata mmoja, wala hakumwambia mtu yeyote ni nani waliokataa. Mkewe alimjua yule msimamizi peke yake, kwa kuwa kitabu chake alikileta nyumbani. Wengine hakuwajua hadi leo. Rafu ya chumba cha mbele ilibaki na vitabu vyeusi, naye alivipangusa vumbi kila Jumamosi kama anayeogesha watoto.

Ugonjwa ulianza mwaka 2009. Mteja alileta kitabu cha nyimbo, akarudishiwa kurasa zikiwa kichwa chini. Watu wakacheka, naye akacheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa ameona chumvi inawekwa kwenye sufuria ya gundi. Daktari akasema mishipa midogo ya kichwani inaharibika, na lile pigo la zamani halikusaidia. Akasema kumbukumbu zitaondoka, mpya kwanza, kisha za zamani. Dawa ya kuzirudisha haipo.

Tangu hapo marehemu alikuwa na jambo moja tu duniani: vitabu vifike kwa wenyewe kabla hajasahau ni vya nani. Alitoka asubuhi na kitabu mfukoni, akarudi mchana nacho. Siku moja alirudi mikono mitupu, anatabasamu. "Amechukua. Kasema asante." Mkewe alifurahi, lakini akauliza nyumba gani. Alipoelekezwa, alivaa viatu akakimbia, kwa sababu nyumba hiyo aliijua. Alikuwa akiikwepa miaka yote. Ilikuwa ya afisa wa polisi mstaafu, mkubwa wa upekuzi ule, aliyeulizia dawa ya kuku.

Alimkuta mzee huyo amekaa barazani, kitabu magotini.

"Hicho si chako."

"Najua, mama. Nimekamata vingi, sikuwahi kuletewa."

"Kwa nini umekipokea?"

"Alisema wengi wamekataa. Nikaona haya kuwa mmoja wao."

Alikichukua mkononi mwake bila kumwamkia na bila kumuaga. Nyumbani alimkalisha mumewe kitandani, akamshika mikono.

"Baba watoto, niambie majina. Nitapeleka mimi. Nitajua wa kumwendea na wa kumkwepa."

"Siwezi."

"Mimi ni mkeo!"

"Wao walisema nitaje. Wewe unasema niambie. Midomo ni hii hii."

Alimbembeleza mwaka mzima. Mtoto wa kiume alimbembeleza, mabinti walimbembeleza, na mdogo wake alikuja na wazee wenzake kumweleza kwamba nyakati zimebadilika. Akawasikiliza kwa sikio lake moja, akashukuru, akawasindikiza mlangoni.

Kisha mchana mmoja wa mwaka 2013 alikubali mwenyewe. Alitoka chumbani amevaa shati safi, akavuta kiti mbele ya rafu, akamwita mkewe. "Njoo, mama. Nimefikiri. Mtu akifa na amana mkononi, ameiba. Kaa nikutajie." Alishusha kitabu cha kwanza akakiweka magotini. Akakigeuza. Akapitisha kidole kwenye mshono. "Hiki ni cha yule... yule wa koti." Akakiweka, akashusha kingine. "Hiki..." Alifungua kinywa na kinywa kikabaki wazi. Alishusha vyote hadi cha mwisho, na mkewe alikaa pale anasubiri, na hakuna jina hata moja lililotoka. Yalikuwa yamekwenda. Alikuwa ameyafungia vizuri mno. Alilia siku hiyo, na hiyo ndiyo mara pekee watoto wake walimwona akilia.

Mei 2016 alishikwa na homa ya mapafu. Alilazwa, kisha akaomba nyumbani, akarudishwa. Mchana wa tarehe 3 Juni alifumbua macho akamwona mkewe kando ya kitanda, wala hakumjua. Akajaribu kujiinua, kwa adabu ya mtu aliyepata mteja.

"Dada, samahani nimekuweka. Ulileta kipi?"

Mkewe alikwenda chumba cha mbele, akachukua kimoja bila kuchagua, akarudi nacho.

"Hiki hapa."

"Kikague. Hakijapungua ukurasa."

"Nimekikagua. Kiko kamili."

"Sikumwambia mtu," akasema. Akalala tena. Saa kumi kasorobo jioni alikata roho, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mmoja na wadogo wawili. Ameacha pia wenye vitabu. Ni wangapi walio hai, na wangapi wamesimama hapa leo kati yetu wameshika kofia zao, familia haijui na haitauliza. Vitabu viko mezani, chumba cha mbele. Baada ya mazishi watu watakuwa uani, mlango wa barabarani utaachwa wazi, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayekaa karibu nao. Aliye na chake aingie akichukue. Anayeona vigumu leo aje kesho, au mwaka ujao, mlango ni uleule. Mjane amesema yeye halali tena juu ya sanduku, lakini hatavichoma, hataviuza, wala hatamwuliza mtu alikuwa wapi.

Fundi Gundi apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayemwambia ataje.